Kaye Nne za Yusto

Walinifanyia sherehe ya kuniaga pale biro, ofisi ya afya ya wilaya, Muyinga. Fanta, brosheti za nyama, hotuba tatu, na zawadi ya saa ya ukutani ambayo ilisimama kabla sijafika nayo nyumbani. Kila aliyenyanyuka kusema alitaja vyeo nilivyopitia, na mi nilikaa pale nikiwaza kwamba hakuna hata cheo kimoja kati ya hivyo kilichowahi kumfunga mtu bandeji. Divine, nesi kijana wa Buhinyuza, ndiye aliyenishika mkono baadaye akaniomba niandike zile habari ninazosimulia garini, kwa sababu wenzake wengi hawajawahi kupanda gari moja na mimi. Basi ninaandika. Anayetafuta habari za mshahara na barua za kupandishwa akatafute kwenye faili langu, liko bironi, kama panya wameliacha.

Mi ni mtoto wa Gitega, mtaa wa Waswahili, baba yangu fundi cherehani. Naitwa Mwamini. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Mutaho, kwenye kituo cha afya, ambacho huku sote tunakiita sante. Nilifika asubuhi nyuma ya baiskeli, koti jeupe limepigwa pasi na baba mwenyewe, nimelikunja kwenye gazeti lisishike vumbi. Mkunga wa pale, Mama Rejina, alikuwa amesimama mlangoni. Kabla ya kunisalimu alinitazama viatu, akasema mwenye baiskeli ameniteremsha chini ya mlima na nimepanda kwa miguu. Ilikuwa kweli. Nikadhani mama huyu mchawi, kumbe alikuwa ameona matope mabichi tu.

Alinifundisha kazi kwa miaka minne, na kama mnaniona najua kitu, ni yeye. Alikuwa na kigoda kifupi cha mti ambacho alikikalia kila alipozungumza na mgonjwa, ili mgonjwa awe juu na yeye chini. Mi mtoto wa mjini niliona anajidhalilisha, nimesoma miaka yote ile nije kukaa chini ya mtu! Alinijibu kwamba mtu akikutazama kutoka juu anakuambia mambo ambayo hakuambii akikutazama kutoka chini. Halafu akaniambia jambo ambalo nimelibeba hadi leo.

"Mdomo wa Murundi una adabu nyingi," alisema. "Ukimuuliza kama ameelewa, atakwambia ego, ndiyo, hata kama hajaelewa kitu, asikuaibishe. Miguu haina adabu. Wewe anzia miguuni."

Na kweli alianzia miguuni. Aliangalia kama imepasuka, kama imevimba, kama viatu ni vya kuazima. Kutoka hapo alijua mtu ametembea saa ngapi na kama ataweza kurudi kesho. Nilimwona akimlaza mama mjamzito pale pale sante, bila kumpima bado, kwa sababu ya vifundo vya miguu tu. Usiku wa siku ile yule mama angekuwa njiani peke yake, na mimba yake ilikuwa na hatari. Sijawahi kuona mashine iliyomshinda Mama Rejina, na nimeona mashine nyingi, nyingine bado zimo kwenye maboksi yake.

Kisha nikahamishiwa hospitali, Gitega mjini. Huko nilikutana na karatasi ya transferi. Mnaijua. Nusu ya juu inaandikwa na sante inayompeleka mgonjwa, nusu ya chini ni ya hospitali kujibu: tumemkuta na nini, tumemfanyia nini, nanyi mfanye nini akirudi. Nusu ya juu ilikuja imeandikwa vizuri, wakati mwingine na nesi aliyeandika chini ya mwanga wa tochi. Nusu ya chini tulikuwa tunaiacha nyeupe. Hatukuwa wabaya. Mgonjwa akipona tulifurahi, akaenda zake, na wa kitanda kinachofuata alikuwa anatapika. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akiijaza, Dokta Remi, mpasuaji, wakati huo bado kijana mwembamba mwenye hasira za haraka. Aliijaza yote, akamkabidhi mgonjwa. Halafu alisubiri jibu kutoka kilimani kwa mgonjwa, na jibu halikuja. Wagonjwa wake walirudi baada ya miezi na vidonda vilivyooza, karatasi ile imekunjwa vizuri ndani ya Biblia, hakuna aliyeombwa kuisoma. Nilimwona siku moja amesimama dirishani na karatasi kama hiyo mkononi.

Nikahamishwa tena, safari hii Muyinga, kazi ya kuzungukia sante za wilaya. Gari letu lilikuwa halina springi, kila shimo tulilihesabu kwa mgongo. Na hapo ndipo ninapoanza kusimulia kosa langu, kwa sababu kitabu cha mstaafu asiyekosea nimekisoma mara nyingi na sikujifunza kitu.

Yusto alikuwa mkulima wa Buhinyuza. Alikulia Tanzania, kambi ya wakimbizi, akarudi mtu mzima na mkewe Konsolata na Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Aliniita Sista, kama wanavyowaita manesi kule, na watu kwenye foleni walicheka kwa sababu mi na kilemba changu cha Kiislamu sikufanana na mtawa hata kidogo. Alikuja siku ya ziara yangu, mpole, amevaa bote za mpira zilizooshwa zikang'aa. Nilimpima, nikakuta ugonjwa wa sukari. Nilimuuliza kama kuna mahali pengine anapotibiwa, akasema hapana, Sista. Alikuwa na kaye mpya, lile daftari la shule ambalo kila mgonjwa wetu ananunua ili tuandike humo. Nikamwandikia vidonge, nikamweleza namna ya kuvimeza, nikamuuliza kama ameelewa. Ego. Nikamwita anayefuata. Miguu yake sikuitazama, maana ilikuwa ndani ya bote, na foleni ilikuwa ndefu, na mi nilikuwa mkubwa sasa.

Wiki tatu baadaye nilikuwa Buhinyuza tena. Kama saa tatu asubuhi tukaona watu wanne wanapanda mbio na ngobyi, ile machela yetu ya kubeba begani, na wengine wanne nyuma wa kupokezana. Ndani alikuwa Yusto. Mbele yao alikimbia Kalisti, mhudumu wa afya wa kilima, maana huku kilima ndicho kijiji, mtu aliyechaguliwa na majirani zake, hana koti, hana cheti cha ukutani, ana begi na baiskeli. Yusto alianguka bondeni kwenye viazi. Alikuwa anatokwa jasho la baridi na kusema ovyo, na majirani walicheka wakidhani amekunywa mapema. Kalisti hakucheka, alijua Yusto hagusi pombe. Aliingia duka la karibu, akachukua sukari kwa kiganja, akampaka ndani ya shavu, akaendelea kumpaka njia nzima. Mpaka wanafika, Yusto ameanza kujua jina lake. Wallahi, mwaka mzima wa shule ya unesi haukunionyesha kitu kizuri kama kile kiganja cha Kalisti kilichojaa sukari na udongo.

Konsolata alifika nyuma yao na mfuko wa plastiki. Aliumwaga mezani kwangu. Zikatoka kaye nne. Moja ilikuwa yangu. Nyingine ilitoka kliniki moja mbali, karibu na kwa dada yake Yusto, na humo kulikuwa na kidonge kile kile cha sukari nilichomwandikia mimi, ila cha rangi nyingine na jina lingine. Alikuwa anameza vyote viwili, kwa utiifu, asubuhi kabla ya kula, na sukari mwilini ikashuka mpaka akaanguka. Ya tatu ilikuwa ya presha. Ya nne ilikuwa ya kidonda cha mguu. Miezi minne mtu alikuwa anafunga kidonda kile na kuandika "hakiponi", bila kujua mgonjwa ana sukari, na mi nilikuwa najua sukari bila kujua kidonda. Nilimvua bote ya kushoto. Sitaeleza harufu.

Kwa nini hakunionyesha? Nilimuuliza alipopata nguvu, na sauti yangu haikuwa nzuri. Alinijibu taratibu kwamba kumwonyesha nesi kaye ya sante nyingine ni sawa na kumwambia mwenye nyumba umeshakula kwa jirani. Ningeona ananidharau. Na bote alizivaa ili harufu isinikere. Nikataka kumwambia huo ni upuuzi, halafu nikakumbuka maneno ambayo mimi mwenyewe niliwahi kumwambia mama mmoja aliyefungua kaye ya wenzangu mbele yangu: kama unawaamini hao, rudi kwao. Sisi ndio tuliowafundisha kuficha. Niliketi pale na kaye nne, aibu imenishika, nikamkumbuka Mama Rejina na kigoda chake.

Muyinga wiki ile hakukuwa na mpasuaji wa kushughulikia mguu ule, kwa hiyo tulimpeleka Gitega, kwa Dokta Remi. Nilikwenda nao garini, na nusu ya juu ya karatasi niliiandika kurasa mbili. Remi, ambaye sasa alikuwa na mvi na hasira zile zile, alimtazama dakika kumi akasema mguu ukatwe chini ya goti. Yusto akasema ego. Konsolata akainama.

Kaye nne zilikuwa bado kwenye mkoba wangu, nami sikutaka kuamini tena ego ya mtu. Nikamwomba Remi tukae. Hakupenda. Nikalivuta benchi la koridoni, nikawakalisha Yusto na Konsolata juu yake, mi na daktari tukakaa kwenye viboksi vya dawa, chini yao. Mpasuaji mkubwa juu ya kiboksi cha serumu, maji ya dripu, watu walipita wakitutazama. Kalisti tulimpigia simu huko Buhinyuza, tukaiweka sauti ya juu katikati yetu. Nikamwambia Yusto hatutaandika chochote mpaka aseme anachotaka, na kwamba hapa hakuna mwenye nyumba.

Yusto alimgeukia mkewe kwanza. Kisha akasema shamba lake liko kwenye mteremko, na mtu wa mguu mmoja hawezi kulima mteremko, kwa hiyo akikatwa itabidi mke wake alime peke yake na watoto waache shule. Alikubali kwa sababu daktari amesoma. Lakini kama kuna njia nyingine, yuko tayari kwa njia nyingine.

Remi alijipangusa uso. Alisema njia ipo: kukata vidole viwili tu, kusafisha, na kufunga kidonda siku zote, kwa miezi. "Mi naweza kufanya hiyo leo," alisema. "Lakini nikimurudisha kule kilimani na kidonda wazi, nani atakiangalia? Nimetuma makaratasi miaka yote, hakuna hata moja yenye ilirudi. Nimechoka kukata watu mara ya pili, na mara ya pili nakatia juu zaidi."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mguu ule ulikuwa unakatwa kwa sababu hatukuwa na watu wa kuungana. Dawa zilikuwepo, visu vilikuwepo. Hakukuwa na mtu wa kumjibu Remi: mimi nitakiangalia.

Konsolata ndiye aliyesema kwanza. Alisema atafunga yeye, kila siku, afundishwe sasa hivi. Simu nayo ikasema: "Dokta, mi ni Kalisti. Niko napita pale kila siku mbili na baiskeli. Siku sikupita, uniite muongo mbele ya kilima yote." Mi nikasema kila Alhamisi nusu ya chini ya karatasi itasomwa kwenye simu, Remi akiwa kwenye meza ya upasuaji au akiwa anakula. Remi akatutazama mmoja mmoja, kisha akachukua stilo, kalamu yake ya wino, na kuchora mstari kuzunguka wekundu wa mguu. Akamwambia Konsolata kwamba wekundu ukiuvuka mstari huu, hakuna kusubiri Alhamisi. Jioni ile alikata vidole viwili tu.

Miezi mitano. Nyinyi vijana mnaweza kusoma maneno hayo mawili kwa sekunde moja, lakini Konsolata aliyaishi kila asubuhi kabla ya kwenda bondeni. Mstari ulikuwa unafutika kwa maji, na yeye aliuchora upya kila siku pale pale, kwa stilo aliyoitunza kwenye kilemba. Jumapili moja wekundu uliuvuka, upana wa ukucha tu. Hakumaliza misa. Alimwita Kalisti, Kalisti akasimamisha piki ya mtu asiyemjua, na mchana ule Yusto alikuwa sante anachomwa sindano. Remi aliniambia kama wangengoja kesho, angekata. Nimefanya kazi na watu wenye digrii tatu, na sijui kama yupo aliyewahi kuangalia mstari kwa uaminifu wa mama yule asiyejua kusoma. Kidonda kilifunga. Siku Kalisti aliponiambia kwenye simu, nililia bironi, na sekretari akadhani nimefiwa.

Kutoka pale tulibadili namna ya kazi, polepole, sante moja baada ya nyingine. Mgonjwa mmoja, kaye moja, na kila mtu anaandika humo humo, kliniki, hospitali, hata Kalisti kwa mwandiko wake mkubwa. Kaka yangu Ramadhani, aliyerithi cherehani ya baba, alitushonea majalada ya kitenge yenye mfuko ndani wa kuwekea nusu ya chini ya transferi. Alhamisi ikawa siku ya benchi: mgonjwa na anayemuuguza wanakaa juu, sisi chini, simu katikati. Manesi wengine walinung'unika juu ya viboksi. Mmoja alisema mgongo wake haukusomea hivyo. Leo hii mtu huyo ndiye anayekaa chini kabisa.

Nikaja kualikwa semina, hoteli moja nzuri ya Gitega, juu ya rasilimali za kujenga timu za afya za mkoa zinazomweka mgonjwa katikati. Jina lile lilijaza kitambaa chote cha ukutani. Walituonyesha picha ya duara na mishale, na katikati mtu mdogo amechorwa hadi kiunoni. Nikanyoosha mkono, nikauliza miguu yake iko wapi. Wakadhani natania. Walipotuuliza tunahitaji rasilimali gani, watu walitaja magari na kompyuta, na sikatai, springi ningezipokea kwa mikono miwili. Mi nilitaja benchi, kaye, simu yenye unite za kupigia, na mtu kama Kalisti. Mwandishi wa semina aliandika tatu za kwanza, halafu akauliza Kalisti inaandikwaje na inauzwa wapi. Msinicheke, nilimjibu kwa heshima.

Nimebakiza jambo moja, na ningependa kuliruka, lakini Divine alikuwepo na atawaambia.

Wiki iliyopita nilikwenda Buhinyuza kuwaaga. Ilikuwa Alhamisi. Yusto alikuwa kwenye benchi, kama kila Alhamisi siku hizi, kiatu chake cha kushoto kimejazwa kitambaa mahali pa vile vidole viwili. Hiyo ndiyo kazi aliyojichagulia: wagonjwa wapya wanakaa karibu naye kabla ya kuingia kwa nesi, naye anawauliza kuhusu kaye zao nyingine, na wanamwonyesha, kwa sababu yeye ni mwenzao. Divine akataka kunipima presha, ya kuniaga. Ilikuwa juu. Akaniomba kaye. Nikampa moja, ile ya jalada jipya. Kulikuwa na nyingine mkobani, ya Gitega, Dokta Remi aliniandikia vidonge humo mwezi uliopita. Lakini Divine ni mwanafunzi wangu, alikuwa anaandika kwa furaha vile, na nikaona nitamvunja moyo bure, kana kwamba simwamini. Akaniuliza kama kuna mahali pengine ninapotibiwa. Nikasema hapana, mwanangu.

Yusto alikuwa ameinuka akasimama mlangoni. Hakunitazama usoni. Alitazama chini, kwenye viatu vyangu, mahali ambapo kamba zilikuwa zimebana.

"Sista," alisema, "miguu yako imevimba. Vidonge vya presha huvimbisha hivyo, na hapa hujaandikiwa. Toa ile kaye nyingine."

Divine akainua kichwa.  Yusto akarudi kwenye benchi, akalipiga kwa kiganja, akanionyesha mahali pa mgonjwa. Nikaenda nikakaa hapo, nikavua viatu, nikatoa kaye ya pili.